Kondoo Wawili Walioachwa Nje ya Ripoti

9 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee mkazamjomba jikoni. Mimi sijambo, isipokuwa mafua yaliyohamia kwangu kama mpangaji asiyetaka kuondoka. Mama anakusalimu. Anasema hujamwandikia nduguyo tangu mwaka uanze, kwa hiyo ujue una kesi ya kujibu.

Mkazamjomba ameniambia masikio yako yamezidi kugoma na simu umeitupa kabatini. Miaka thelathini katikati ya cherehani za kiwanda si mchezo. Basi tuandikiane, kama ulivyokuwa ukiniandikia nikiwa shule ya bweni.

Uliuliza ninapika nini huku maabara. Nakueleza kama fundi kwa fundi. Daktari akiunga mshipa wa damu huushona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Lakini damu inasukumwa kwa nguvu, inapenya kwenye vitundu vya sindano. Jeli yetu inapakwa juu ya mshono kuuzunguka mshipa. Inashika ndani ya dakika moja, inaziba vile vitundu, na baada ya miezi michache inayeyuka na kwenda zake. Hakuna plastiki wala gundi ya dukani. Ni mwani wa baharini na jelatini ya ngozi, tunaifunga kwa chokaa kidogo ili isimomonyoke. Kazi yangu ni kuipima uzito, kuinyoosha mpaka ikatike, na kuandika kila inachofanya.

Tumewashona kondoo ishirini miguuni. Hakuna hata mmoja aliyevuja damu! Mwezi wa nne inaanza kutumika kwa watu, katika hospitali tatu, na mojawapo ni hospitali kubwa ya hapo mjini kwenu. Profesa aliposema hivyo nilipiga yowe kwenye korido hadi mlinzi akaja mbio.

Mpwa wako,
Kiroboto


23 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha yangu na mara ya tatu kwa sauti kiwandani wakati wa chai, hadi mkuu wa kukata vitambaa akaniambia sasa imetosha. Nimewaambia wote kwamba mtoto aliyekuwa akiokota pini chini ya meza yangu sasa anaziba mishipa ya watu.

Huku hatujambo. Mkazamjomba wako amepaka ukuta wa sebule rangi ambayo yeye anaiita maziwa. Mimi naiona njano, ila sisemi. Mama yako mwambie kesi nimekubali, ahukumu taratibu.

Sasa nina swali. Kuna mtu hapa kiwandani, fundi wa pasi, ana kivimbe nyuma ya goti. Hakiumi. Akikigusa kinadunda kama moyo. Anasimama siku nzima kazini, na jioni mguu unakuwa mzito na nyayo zinakufa ganzi. Ni mtu mkaidi, hospitali hapendi hata kupita nje. Nimwambie nini?

Mjomba wako


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mafua yamehama. Mama anasema hukumu itatolewa utakapokuja mwenyewe.

Huyo fundi wa pasi mwambie aende hospitali kesho, asingoje keshokutwa. Kivimbe kinachodunda nyuma ya goti ni mshipa mkubwa wa damu uliotanuka ukuta wake. Hatari yake si kupasuka tu. Damu inaweza kuganda mle ndani, bonge likaziba njia, na mguu ukafa kwa muda wa saa chache. Usimbembeleze. Mtishe. Inatibika: daktari anachukua mshipa kutoka sehemu nyingine ya mguu wake mwenyewe na kuutumia kama njia ya pembeni. Tena hapo kwenu ndipo jeli yetu itakapoanzia, huenda akawa miongoni mwa wa kwanza.

Huku kazi imekuwa nyingi kidogo. Ripoti imekwisha kupelekwa. Kondoo wawili tumewatoa kwenye hesabu kwa sababu walianza kuchechemea. Profesa anasema ni kwato. Basi wamebaki kumi na wanane na matokeo ni mazuri sana.

Rangi ya ukuta usiseme kitu. Umefanya vizuri kunyamaza.

Kiroboto


2 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Huku mimi mzima, mkazamjomba wako mzima, ukuta bado ni maziwa.

Yule mtu alikwenda. Wamempaka mafuta ya baridi nyuma ya goti, wakapitisha kile kifaa chao, na kwenye skrini mshipa ulionekana umetuna mfano wa yai. Daktari mpasuaji ni mwanamke mfupi, anaongea polepole na kumtazama mtu usoni, hata mimi ningemsikia. Alimweleza habari ya jeli na kumpa fomu ya ridhaa, kurasa tisa. Alimwambia anaweza kukataa na bado atafanyiwa upasuaji wa kawaida. Yule mtu akasema kuna binti anaipika, anamwamini. Ametia sahihi.

Sasa niambie jambo moja. Wale kondoo wawili, kwato zao zilipona?

Nimeshona nguo maisha yangu yote. Mtu akiniambia mikono ya koti iko sawa ila mmoja tumeutoa kwenye hesabu, mimi ndio huo ninaotaka kuuona. Kama kuna kitu yule mtu anapaswa kujua kabla ya kulala mezani, nijibu upesi. Tarehe hajapangiwa bado.

Mjomba wako


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika tarehe kumi na imekaa mezani kwangu siku zote hizi. Nilihama chumba, kisha kukawa na ukaguzi wa maabara, kisha mama alipata shinikizo la damu kidogo, lakini sasa anaendelea vizuri na kugombana na majirani kama kawaida.

Kuhusu yule mtu, kama anaweza kungoja, angoje. Amwombe daktari upasuaji wa kawaida bila jeli. Asiwe na haraka ya kuwa wa kwanza. Sina la kuongeza kwa sasa, na tafadhali barua hii usiisome kiwandani.

Msalimie mkazamjomba.

Kiroboto


8 Mei

Kiroboto,

Marahaba. Barua yako imefika jana. Nimeisoma nikiwa kitandani, mto chini ya mguu, na mkazamjomba wako amesimama mlangoni kama askari wa zamu.

Fundi wa pasi hayupo. Yule mtu ni mimi. Usimlaumu mkazamjomba, nilimkataza asikupigie simu. Nilijua ungeacha kazi na kuja kunikalia kitandani, na tena nilitaka siku moja nikuandikie: mpwa wangu, jeli yako iko ndani ya mguu wangu na natembea. Niliona ni maneno matamu. Nilikuwa nimeyapanga tayari.

Nilipasuliwa tarehe 27 Aprili. Mimi ni mgonjwa namba nne. Daktari aliniambia mshono ulikauka palepale, hata tone halikutoka. Siku ya tano niliruhusiwa. Nyayo zilipata joto ambalo sikulikumbuka tena.

Lakini "angoje" uliyoniandikia imenikaa rohoni. Unamwambia mtu angoje kwa sababu gani, Kiroboto? Na kwa nini ulihitaji siku ishirini kuandika mistari mitatu?

Tangu juzi vidole vya mguu vinanichoma kidogo. Labda ni bandeji imebana.

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba,

Barua yako imefika leo asubuhi, kabla sijavaa koti la maabara. Nimekwisha kumpigia daktari wako, na nimempigia mkazamjomba. Barua hii itakapokufikia watakuwa wamekuchukua siku nyingi, lakini lazima niandike, maana kwenye simu nililia tu na mkazamjomba hakunielewa zaidi ya neno "mpelekeni".

Zile hazikuwa kwato.

Ripoti yetu inaonyesha jeli ikiwa kwenye maji ya chumvi kwa siku saba. Siku saba inakaa vizuri, haibadiliki. Mimi niliiacha kwenye mizani zaidi, kwa udadisi tu. Siku ya kumi na nne ilikuwa imeongezeka kidogo. Siku ya ishirini na moja ilikuwa imeongezeka kwa nusu ya uzito wake. Chumvi ya mwilini inaing'oa ile chokaa polepole, vifungo vinalegea, na jeli inafyonza maji na kuvimba. Ukiipaka mahali palipo wazi hakuna neno. Nyuma ya goti hakuna nafasi. Ikivimba, jeli ileile iliyopaswa kuulinda mshipa ndiyo inayoukaba.

Wale kondoo wawili tuliwashona nyuma ya goti. Wengine kumi na wanane tuliwashona juu, pajani. Nilipowagusa wale wawili miguu yao ilikuwa ya baridi. Nilimpelekea profesa daftari langu. Alilifungua, akalifunga, akasema, "Tumeahidi siku saba, tunaripoti siku saba. Kondoo huchechemea." Kisha akanisogezea jedwali la matokeo ili nitie sahihi yangu kama mpimaji.

Nilitia. Mjomba, nilitia sahihi siku ileile niliyokuandikia kwamba matokeo ni mazuri sana.

Nilijiambia madaktari watakuwa waangalifu. Nilijiambia mimi ni mdogo pale, nani atanisikiliza. Barua yako ya Aprili iliponiuliza waziwazi, nilijitia hamnazo kwa siku ishirini, kisha nikakuandikia neno moja la woga.

Leo ni siku ya kumi na nane tangu upasuliwe. Daktari wako hakunifokea. Aliuliza tu, "Una namba za uzito?" Nikamsomea zote. Akasema, "Natuma gari sasa hivi," na kukata simu. Tangu hapo sijasikia kitu, nimekaa roho juu, kila simu ikilia korido nzima naruka.

Mpwa wako


9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Nakuandikia nikiwa wodini. Mkono ni wangu mwenyewe, usihofu.

Siku ile walikuja watu wawili na machela wakati nimekaa na bakuli la chakula mapajani. Mkazamjomba wako alikuwa ameshafunga begi. Mimi sikuelewa kitu, wote wanaongea kwa pamoja na midomo inacheza tu. Nikaandika kwenye bahasha: NINI? Akaandika chini yake: MGUU. Basi nikaenda.

Daktari alipitisha kifaa chake nyuma ya goti na kunigeuzia skrini nione. Damu ilikuwa inapita kama uzi wa kushonea hariri. Aliniandikia kwenye karatasi: "Tunafungua tena leo. Tukichelewa mguu utaondoka." Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Walifungua, wakaikwangua jeli yote, wakausafisha mshipa. Daktari alinionyesha kwenye kichupa. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha, kumbe ni kama ute wa yai, cheupe, laini, kimya kabisa.

Mguu upo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, wamevikata. Nitachechemea. Viatu nitavijaza pamba, mimi na pamba tunajuana.

Daktari anasema simu yako ilikuja siku yenyewe. Wiki moja baadaye nisingekuwa na mguu wa kuzungumzia. Wagonjwa wengine wote waliopakwa jeli, katika hospitali zote tatu, waliitwa siku hiyohiyo. Walikuwa kumi na mmoja.

Sasa nisikilize. Ukutani, upande wa pili wa wodi hii ya mishipa, inayochanganya wanaume na wanawake, yuko mgonjwa namba mbili. Ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mama wa makamo. Yeye alipasuliwa tarehe 13 Aprili. Mguu wake ulianza kupoa mwanzoni mwa Mei. Wakati unanipigia kelele za "mpelekeni," yeye alikuwa na siku tano tangu akatwe juu ya goti. Walikuwa wamemwambia ni bahati mbaya, damu yake ina tabia ya kuganda. Aliamini. Tunaongea kwa maandishi, ananiandikia kwa herufi kubwa nzuri kama za ubaoni. Amenifundisha kuhesabu siku zilizobaki kabla ya kuruhusiwa, kwa kurudi nyuma. Anapenda utani. Hajui bado mimi ni mjomba wa nani.

Mimi nimekusamehe. Nakuambia mapema ili usiliweke hilo katikati. Nimekushika mkono ukijifunza kutembea, siwezi kukuwekea kinyongo kwa vidole viwili. Lakini msamaha wangu ni wangu peke yangu, na hautoshi kwenda hadi kitanda cha upande wa pili.

Kwa hiyo nakuuliza, na safari hii usikae na barua. Barua yangu ya Aprili ilikukuta tarehe kumi. Mwalimu alipasuliwa tarehe kumi na tatu. Na ulipopiga simu, ulipiga kwa sababu ni mimi. Kama namba nne angekuwa fundi wa pasi kweli, mjomba wa mtu mwingine, ungepiga?

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa ile niliyokunyima.

Barua yako imefika jana mchana. Mama nimemweleza kila kitu. Alivua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena. Nadhani atakuja huko kabla ya mimi.

Jumatatu nilikaa mbele ya kamati ya maadili, watu saba na mezani jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Nilipeleka daftari langu lote, kuanzia siku ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Profesa alisema sikuwahi kumwonyesha. Mwenyekiti akauliza kama nina ushahidi. Nikawaonyesha ukurasa wa kondoo wawili. Pembeni, kwa kalamu yake nyekundu, yeye mwenyewe ameandika "kwato" na kuweka alama ya kuuliza. Hata yeye alikuwa na shaka, Mjomba. Alama ile ya kuuliza ndiyo iliyokosa kuingia kwenye jedwali.

Majaribio yamefungwa. Yeye amesimamishwa. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi. "Na sahihi hii chini ni ya nani?" Nikasema ni yangu. "Ulijua?" Nikasema nilijua. Nimesimamishwa pia, na kitambulisho cha maabara nimekirudisha. Kama nitaruhusiwa kurudi watanijulisha. Mwenzangu wa meza ya pili amechukua mizani. Anajaribu kuifunga jeli kwa namna nyingine, bila chokaa, na safari hii wanaiacha majini siku tisini. Aliniuliza kama anaweza kuninukuu. Nikamwambia anukuu kila kitu, pamoja na sahihi.

Sasa swali lako. Nimeandika jibu mara tatu na kuchana. La kwanza nilieleza jinsi profesa alivyo na nguvu. La pili nilisema bila shaka ningepiga, siku moja mbili baadaye. La tatu lilikuwa refu kuliko yote na halikusema kitu.

Jibu ni hapana. Siku ile nisingepiga. Nilikuwa na namba zote tangu Machi. Tarehe kumi Aprili nilisoma swali lako, nikajua jibu lake, nikaiweka barua chini ya kitabu. Siku tatu baadaye yule mwalimu alilazwa mezani. Kwangu alikuwa namba mbili. Nilikuwa na karatasi yenye namba yake, umri wake na upande wa mguu, "kushoto", na niliiweka kwenye faili na kwenda kula.

Ukiona inafaa mwambie mimi ni nani. Ukiona haifai, nitakuja nimwambie mwenyewe, ila sitaki kumtokea kitandani kwa ghafla kana kwamba yeye ndiye anayepaswa kunituliza.

Mpwa wako


4 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeruhusiwa tangu Jumanne. Mama yako amefika, amekwisha kubadilisha mpangilio wa jiko, na mkazamjomba wako anasaga meno. Kiwandani wamenipa kiti kirefu na kazi ya kukagua mishono, nitakaa siku nzima na kuwa mkali kwa kila mtu.

Kabla sijaondoka wodini nilijikongoja kwa magongo hadi kitanda cha mwalimu, nikakaa. Niliandika kwenye daftari lake: "Aliyeipima ile jeli ni mpwa wangu." Nikampa barua yako ya tarehe ishirini, yote, sikuficha ukurasa hata mmoja.

Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye "hapana" alisimama, akarudi juu, akaisoma tena kuanzia mwanzo. Nilitaka kuondoka, akanishika mkono wa shati nisiondoke. Hakulia. Uso wake sitakuelezea, huo si wangu wa kuugawa.

Mwishowe alichukua kalamu na kuandika, kwa zile herufi zake za ubaoni: "Mimi ndiye wa kushoto. Nipe anwani yake."

Nimempa. Sikumuuliza anataka kukuandikia nini, naye hakunieleza. Inaweza kuwa ukurasa mmoja, inaweza kuwa kumi. Huenda isiwe na neno moja la kukufurahisha. Barua yake ikifika, usiikalie. Isome hadi mwisho, kisha mjibu, kwa jina lake.

Mjomba wako